"Kila mtu na ukweli wake": dhana potofu kuhusu imani ya Kikristo

"Kila mtu na ukweli wake."

Hii ndiyo kauli ninayoisikia zaidi barazani hapa Unguja, hasa kwa vijana waliosoma. Husemwa kwa nia njema, ili watu wasigombane. Lakini anayeisema anataka sote tuikubali, si yeye peke yake. Kama ni kweli kwake tu, hajatuambia kitu. Kama ni kweli kwetu sote, basi upo ukweli usiomtazama mtu usoni.

Sipendi kuishia hapo, maana mtu huweza kushindwa kwa maneno na moyo wake usiguswe. Mimi humwambia mwenye kauli hiyo twende Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe. Pale lilipo Kanisa Kuu la Anglikana palikuwa na soko la watumwa hadi 1873, Sultani Barghash alipokubaliana na Waingereza lifungwe. Kabla ya hapo biashara ile ilikuwa halali: desturi iliikubali, sheria iliilinda, na matajiri waliiita riziki. Ikiwa jema na baya ni makubaliano ya watu wa zama fulani tu, basi mtoto aliyenadiwa pale hakudhulumiwa. Baadaye watu walibadili mawazo tu. Sijapata kukutana na Mzanzibari anayeweza kuyasema hayo akiwa amesimama pale. Sote tunajua alidhulumiwa, hata kama mji mzima uliridhia. Hapo tayari tunaihukumu desturi kwa kipimo kisichotokana na desturi. Mkristo anasema kipimo hicho kina mwenyewe: Mungu aliyemuumba mtu kwa mfano wake. Mwenye shaka anaweza kulikataa jibu hili, ila atatakiwa aeleze kipimo anachokitumia amekipata wapi.

Atauliza, na ana haki: mbona Wakristo nao walimiliki watumwa, tena wakiwa na Biblia mkononi? Ni kweli walimiliki. Usilifiche hilo wala usilipunguze. Tunaweza kuwaita wakosaji kwa sababu kipimo kiko juu yao pia.

"Imani ni kuamini bila ushahidi."

Mtume Paulo hakuliona hivyo: "Kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure" (1 Wakorintho 15:14). Huyo ni mtu anayekubali imani yake ichunguzwe. Katika sura hiyohiyo anataja waliomwona Yesu akiwa hai tena baada ya kufa, na kusema wengi wao walikuwa bado wapo, yaani wangeweza kuulizwa. Nje ya Biblia, Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato katika utawala wa Kaisari Tiberio. Hilo halithibitishi ufufuo, na tusimwambie mtu kwamba linauthibitisha. Linaonyesha tu kwamba hatuzungumzii hekaya.

"Ni dini ya mkoloni."

Ethiopia ilikuwa na mfalme Mkristo, Ezana, katika karne ya 4. Na hapa kwetu, Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadri wa Kianglikana mwaka 1890. Tena, aliyeleta habari si kipimo cha ukweli wake.

"Anayeamini ukweli mmoja hawezi kuwaheshimu wengine."

Anayesema hivi hajaishi Unguja wala Pemba. Jirani Mwislamu anaamini Nabii Isa hakusulubiwa; mimi naamini alisulubiwa. Hatuwezi kuwa sahihi sote wawili, na sote tunalijua hilo. Bado tunapeana mkono wa Idi, tunazikana, tunaulizana hali za wagonjwa. Naona ni heshima kubwa zaidi kumwambia mtu "hapa hatukubaliani" kuliko kujifanya imani yake na yangu ni kitu kimoja.

"Kuitetea imani ni kumshinda mwenzako."

Petro aliagiza tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Wengi huishika nusu ya kwanza tu. Msikilize kijana mpaka amalize, na umuulize ana maana gani kabla hujamjibu. Akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, kalitafute, kisha umrudie.