Mkao wa mama wakati wa uchungu unavyoharakisha au kuchelewesha leba

Mkao hapa ni vile tu mwili wa mama ulivyo kuanzia uchungu unapoanza mpaka mtoto anatoka: kasimama, anatembea, kapiga magoti, kachuchumaa, kalala ubavu au kalala chali. Unaona kama kitu kidogo ila unachangia kabisa leba iende au ikwame, na wamama wengi wanafika wodini hawajaambiwa hili hata kliniki, inaniuma kwa kweli.

Sasa inakuwaje. Kichwa cha mtoto kinatakiwa kishuke kwenye nyonga kikandamize mlango wa kizazi, na huko kukandamiza ndo kunasaidia njia ifunguke. Mama akiwa wima uzito wa mtoto unaenda chini wenyewe, akilala chali msaada huo anaukosa. Halafu kuna kifandugu, kile kifupa cha mwisho kabisa cha uti wa mgongo, mtoto akipita kinasogea nyuma kidogo kumpisha, sasa mama akiwa amekilalia kitasogea wapi? Na kubwa zaidi ni damu, maana mama akilala chali tumbo la mimba kubwa linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mama anaanza kusikia kizunguzungu, presha inashuka, damu inayoenda kwenye kondo inapungua na mapigo ya mtoto yanaweza kushuka. Ndo maana utasikia nesi anasema geuka ulalie kushoto.

Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, walichambua tafiti nyingi kwa pamoja wakakuta wamama waliotembea au kukaa wima, hatua ya kwanza ya leba yao ilikuwa fupi kwa karibu saa 1 na dakika 20 kuliko waliolala, na oparesheni zilikuwa chache pia. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye mwongozo wake wa 2018 linasema mama ambaye hana tatizo ahimizwe kutembea na kukaa wima, na wakati wa kusukuma achague mwenyewe mkao anaoutaka.

Kwa vitendo inakuwa hivi, uchungu ukija mama anasimama anashika ukingo wa kitanda au anaegemea ukuta, miguu kaitanua kidogo, anazungusha kiuno polepole, na aliyemsindikiza anamkandamiza kwa kiganja pale chini ya mgongo mpaka uchungu upoe, kisha anatembea au anakaa apumzike. Kama maumivu yote yako kiunoni, inaweza kuwa ni mtoto ambaye mgongo wake umeelekea mgongo wa mama, hapo kupiga magoti na kuweka mikono chini kunampunguzia sana. Akichoka alale, hakuna shida, ila alale ubavu.

Kwenye kusukuma, kukaa wima kunapunguza kuongezewa njia na kunapunguza kuvutwa mtoto kwa vyombo, ila damu inaweza kutoka nyingi kidogo, kwa hiyo mkunga lazima awe karibu. Kwa aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongo mambo yanabadilika, utafiti wa Uingereza wa 2017 ulionyesha hao kulala ubavu ndo kuliwasaidia zaidi kusukuma wenyewe.

Kwa nini basi bado watu wanalazwa chali? Kwa kiasi kikubwa ni kwa ajili ya mhudumu, anaona vizuri, anapima njia kirahisi na ndivyo alivyofundishwa. Mimi naona hiyo sio sababu ya kutosha kwa mama ambaye yuko salama.

Ila kuna wakati kutembea ni hatari na hapo usibishane na nesi: ukitokwa na damu nyingi, presha ikiwa juu sana, au chupa ikipasuka wakati kichwa cha mtoto bado kiko juu, kwa sababu kamba ya kitovu inaweza kutangulia kushuka kabla ya mtoto. Nje ya hapo, ukishapokelewa na kupimwa muulize kwa upole tu, sista, mtoto ameshuka? naweza kutembea kwanza? Na uliza mapema kabla njia haijafunguka sana, maana ukifika sentimita 8 hata nguvu ya kuongea inakuwa ya kutafuta, na anayekusindikiza naye ajue haya ili akuulizie.