Stelingi hafi? Tunavyowakosea wahusika wa filamu

Kila mpenda muvi ameusikia msemo huu: stelingi hafi. Hutamkwa kwa uhakika, risasi zikirindima, na mara nyingi aliyeutamka hupatia. Shida yake ni mazoea yaliyojificha ndani yake. Tunagawa vyeo mapema: huyu stelingi, yule adui, huyu rafiki wa stelingi. Tukishagawa vyeo tunaacha kuwatazama watu wenyewe. Kwangu mimi, mhusika hujulikana pale anapolazimika kuchagua na uchaguzi ukamgharimu, na dhana nyingi potofu kuhusu uchambuzi wa filamu hutokana na kuipita dakika hiyo bila kuiona.

Dhana: Stelingi hafi, na akifa amelipia makosa yake

Katika Psycho ya Alfred Hitchcock (1960), Marion Crane anaiba dola 40,000 ofisini kwao na kutoroka nazo. Tunaendesha gari pamoja naye, tunaogopa polisi pamoja naye. Kisha, filamu haijafika hata nusu, anauawa akioga. Wengi husema wizi umemrudia.

Rudi nyuma dakika chache. Marion amezungumza na Norman Bates, mwenye moteli, na ameamua kurudi alikotoka. Chumbani anaketi mezani na kupiga hesabu kwenye karatasi: 40,000 toa 700 alizotumia kununua gari. Anaichana ile karatasi, anaitupa chooni, anavuta maji. Anapoingia kuoga, moyoni tayari ameshazirudisha pesa. Kisu hakikumkuta mwizi anayekimbia. Kilimkuta mtu aliyekwisha kutubu, na toba haikumkinga. Hapo ndipo penye hofu yote ya filamu. Anayesema "amelipia" anazungumza kana kwamba karatasi ile haikuwahi kuandikwa.

Dhana: Mwenye jina kwenye bango ndiye mhusika mkuu

Finding Nemo (2003), filamu ya katuni ya samaki, imebeba jina la mtoto, lakini mzigo wa hadithi yuko nao baba, Marlin. Nemo ndiye anayetafutwa. Ana mambo yake ya kujifunza kule ndani ya tangi alimofungiwa, sikatai, ila aliye na kidonda tangu mwanzo ni baba. Amempoteza mkewe na mayai yote isipokuwa moja, na juu ya yai hilo anaweka ahadi kwamba halitapatwa na lolote.

Ahadi hiyo ndiyo kosa lake. Wakiwa wamemezwa na nyangumi, Marlin anamkumbusha Dory kwamba aliapa kutoruhusu chochote kimpate mwanawe. Dory, samaki msahaulifu ambaye watazamaji wengi humchukulia kama kichekesho tu, anashangaa: mtoto asiyepatwa na chochote, si maana yake hakuna chochote kitakachowahi kutokea maishani mwake? Tazama tena kipande hicho utaona kwamba neno zito kuliko yote limewekwa kinywani mwa mhusika anayeonekana mwepesi kuliko wote.

Kisha unakuja mtihani. Baba amevuka bahari, amempata mwanawe, wamekumbatiana. Filamu ingeweza kuishia hapo kama ingekuwa inahusu kumtafuta Nemo. Badala yake Dory ananaswa pamoja na samaki wengine kwenye wavu wa wavuvi, na Nemo anataka kuingia humo humo awaambie wote waogelee kwenda chini. Marlin anamshika, anakataa. Halafu anamwachia. Sijui tukio linalomfunua mhusika kwa uwazi kuliko hilo: mkono ule ule uliovuka bahari ili kushika, sasa unafunguka.

Dhana: Dhamira ni neno moja

Ukiuliza Finding Nemo inahusu nini, utajibiwa "upendo wa mzazi". Hiyo ni mada, bado hujafika kwenye dhamira. Dhamira ni kile ambacho filamu inakisema kuhusu mada hiyo, na lazima kiwe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukubishia. Hapa filamu inasema kwamba ulinzi usiokubali hatari yoyote humnyima mtoto maisha yale yale unayomlindia. Wazazi wawili wanaweza kukesha wakibishana juu ya hilo, ilhali hakuna atakayekesha akibishania neno "upendo". Ukishaandika "usaliti", "kisasi" au "tamaa" kwenye daftari lako, jiulize: filamu inasema nini juu yake? Kama huna jibu, uchambuzi bado haujaanza.

Dhana: Adui akishindwa, hoja yake nayo imeshindwa

Killmonger wa Black Panther (2018) anauawa, na mtazamaji anahitimisha kwamba alikuwa mbaya, yamekwisha. Ubaya wake ni wa kweli. Anaua kwa urahisi, na akishatwaa kiti cha enzi anaamuru bustani ya mmea unaowapa wafalme nguvu ichomwe moto, kana kwamba baada yake hakuna kesho. Ila lalamiko lake ni lipi? Kwamba Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, ilijificha na utajiri wake huku watu weusi wakiteseka kwingineko, na kwamba mfalme T'Chaka alimuua nduguye mwenyewe mjini Oakland kisha akamwacha hapo mtoto wa huyo ndugu, ambaye ndiye Killmonger.

Sasa mtazame mfalme T'Challa, mwana wa T'Chaka, anapokutana na roho za baba yake na wahenga kwa mara ya pili. Anawaambia usoni kwamba walikosea, wote. Mwishoni ananunua majengo pale pale Oakland alipoachwa yule mtoto ili kuwasaidia wakazi wake, na Wakanda inajitokeza mbele ya mataifa. Adui amepoteza pambano, lakini hoja yake imemgeuza mfalme. Mhusika pinzani aliyejengwa vizuri hufanya kazi hiyo, ya kumlazimisha mhusika mkuu kujibu swali alilolikwepa.

Dhana: Mwongozaji akishasema, mjadala umefungwa

Ridley Scott amesema Deckard wa Blade Runner ni mtu wa kutengenezwa. Harrison Ford, aliyemwigiza, alishikilia kwamba ni binadamu. Tumwamini nani? Mimi naanza na kilichomo kwenye filamu. Mwishoni Deckard anaokota kinyago kidogo cha karatasi cha farasi mwenye pembe moja, kilichoachwa na askari mwenzake. Katika toleo la 1992 tulishamwona Deckard akimwota farasi huyo, kwa hiyo kinyago kinauliza: mwenzake ameijuaje ndoto yake? Katika toleo lililoonyeshwa sinema mwaka 1982, ndoto hiyo haimo, na kinyago kile kile kinabaki na uzito mdogo zaidi. Ushahidi umebadilika kwenye picha, si kwenye mahojiano.

Ishara nazo zipimwe hivyo hivyo. Machungwa ya The Godfather (1972) husemekana kuwa alama ya kifo, wakati mbunifu wa mandhari, Dean Tavoularis, ameeleza kuwa yaliwekwa ili kutia rangi kwenye mandhari yenye giza. Maelezo yake hayamzuii mtu kuona kwamba Don Corleone, bosi wa mafia, anapigwa risasi akinunua machungwa na anakufa baada ya kucheza na mjukuu wake kwa ganda la chungwa. Kosa ni kudai ilikusudiwa. Kuonyesha kwamba jambo limejirudia ni halali kabisa.

Dhana: Uhusika wote uko usoni mwa mwigizaji

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji, inasimuliwa, waliona njaa, huzuni na matamanio kwenye uso ambao haukuwa umebadilika. Uhariri nao hujenga mtu.

Dhana: Dhamira hupatikana kwenye maneno wanayosema wahusika

Katika Titanic (1997), Jack anamwahidi Rose kwamba siku moja watapanda farasi ufukweni, na Rose atapanda kama mwanamume, mguu huku na mguu kule, si kukaa upande kama mabibi wa tabaka lake. Jack anakufa baharini. Rose akiwa mzee anakiri kwamba hana hata picha moja ya Jack.

Karibu na mwisho, kamera inapita polepole juu ya picha alizozipanga kando ya kitanda chake. Hakuna anayezungumza. Katika mojawapo, Rose kijana amevaa suruali, yuko juu ya farasi ufukweni, mguu huku na mguu kule.