Pushapu hadi kuishiwa nguvu kila siku: kwa nini idadi haipandi

Ushauri unaosikika sana Dar es Salaam, kuanzia jimu za mtaani hadi mchangani Coco Beach, ni huu: ukitaka pushapu nyingi, piga kila siku mpaka mikono igome. Sivyo. Misuli hujijenga wakati wa mapumziko, na ukiichosha kabisa kila siku haipati nafasi hiyo. Tena, pushapu za mwisho huwa mbovu: kiuno kinabonyea, viwiko vinatanuka pembeni, na bega ndilo linaloumia.

Fanya siku tatu kwa wiki, mathalani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kama uwezo wako ni pushapu 10 safi, piga seti (mizunguko) 5 za pushapu 6 kila moja, ukipumzika dakika 2 kati ya seti. Kila seti, acha ukiwa bado na uwezo wa kupiga angalau pushapu mbili au tatu zaidi. Kila baada ya wiki mbili pima upya uwezo wako, kisha ongeza.

Asiyeweza hata moja aweke mikono juu ya ukingo imara unaofika kiunoni, kisha ashuke kwenye benchi, mwishowe sakafuni. Pushapu ya kawaida hubebesha mikono karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Mikono ikiinuliwa, mzigo hupungua. Sakafuni, anza kwa kushuka tu, polepole, sekunde 4, viwiko vikielekea nyuma kidogo, makalio na tumbo vimekazwa. Kuinuka, tumia magoti.