Simu kulala na simu kufungwa: tofauti iko wapi?

Juzi nilikuwa Soko la Majengo, hapa Dodoma, nasubiri kupimiwa karanga. Mama anayeuza akabonyeza kitufe cha pembeni ya simu yake, kioo kikawa cheusi, akanigeukia: "Mwanangu, hapa nimeifunga au nimeizima?"

"Hujafanya lolote kati ya hayo mama. Umeilaza tu."

Akaibonyeza tena, akapitisha kidole juu ya kioo, na simu nzima ikafunguka: picha, meseji, kila kitu. Hakuna mahali ilipomuuliza yeye ni nani.

Kulala, au stendibai kama wanavyosema mafundi, maana yake ni kwamba kioo kimezimika lakini simu yenyewe iko kazini. Mtandao inao, ukipigiwa inaita, meseji ya muamala inaingia, na alamu ya alfajiri italia kama kawaida. Faida yake ni chaji. Kioo ni miongoni mwa vitu vinavyokula betri sana, kwa hiyo kikizimika simu inapumua. Tena simu za Android, kuanzia toleo la 6 la mwaka 2015, zikikaa muda mrefu bila kuguswa huzibana zenyewe programu zinazojiendesha chinichini. Kuzima kabisa ni jambo jingine: hapo hupatikani.

Kufunga, au kuloki kama wengi tunavyosema, hakuhusiani na chaji hata kidogo. Kunahusu nani anaruhusiwa kuingia. Wapo wanaoogopa kuweka namba ya siri wakidhani inamaliza betri. Haimalizi.

Fikiria mlango. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma ukianza kuvurumisha vumbi, unarudishia mlango. Umeushindika, vumbi limebaki nje, lakini jirani akisukuma anaingia. Kufuli ni habari nyingine. Simu iliyolala ni mlango ulioshindikwa, na kule kupitisha kidole tu, bila namba wala mchoro, ni kuusukuma.

Mkanganyiko huu tumeurithi kwenye vitochi. Ukishamaliza kuongea ulikuwa unabonyeza menyu halafu nyota, na maandishi yanakwambia vitufe vimefungwa. Neno lilikuwa "kufunga", lakini adui aliyekusudiwa alikuwa mfuko wa suruali, ili simu isijipigie yenyewe wewe ukiwa kwenye daladala. Mtu yeyote aliyeiokota aliweza kubonyeza menyu na nyota kama wewe. Simu janja zikaja na kitufe kimoja cha pembeni kinacholaza na kufunga kwa mbonyezo uleule, na hapo watu wakaacha kabisa kutofautisha.

Kwa hiyo swali la "niilaze au niifunge" ukweli wake ni swali la muda: ikishalala, ijifunge baada ya muda gani? Kwenye Android nyingi, ndani ya mipangilio sehemu ya usalama, utaona uchaguzi: papo hapo, sekunde 5, sekunde 30, dakika kadhaa, hadi dakika 30 kwa baadhi ya simu. Karibu na hapo mara nyingi kuna swichi nyingine inayoamua kama kitufe cha pembeni kifunge palepale. Muda huo wa katikati ni wa hatari, kwa sababu kioo ni cheusi na wewe umeshaamini imefungwa.

Mimi niliweka dakika 30 kwa uvivu wa kuandika namba kila mara. Siku moja nikaiacha mezani nikaenda kuoga. Mtoto wa dada yangu akaichukua, na niliporudi kundi la ukoo, lililokuwa linachangishana rambirambi, lilikuwa limepokea kutoka kwangu vikatuni saba vinavyocheka. Nilipiga simu kuomba radhi hadi kwa wajomba wa Kondoa. Tangu siku hiyo yangu inajifunga papo hapo, na sioni sababu ya mtu kuiweka vingine akiwa sokoni, stendi au kwenye bajaji.

Kuna kitu ambacho namba ya siri ya kioo hailindi, nacho ni laini. Mwizi akishindwa kufungua simu, anachomoa laini na kuipachika kwenye kitochi chake, na kuanzia hapo meseji zako, pamoja na zile za namba za uthibitisho, zinaingia kwake. Laini ina kufuli lake, PIN ya laini, ambayo ukiiwezesha huulizwa kila simu inapowashwa upya. Ukikosea mara 3 inadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na ukiikosea PUK mara 10 laini imekufa, kwa hiyo usiiguse kabla hujajua namba iliyopo. Na hiyo wala siyo namba ya siri ya kutumia pesa. Tafadhali zote tatu zisiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Tukarudi kwa mama. Alama ya kidole ilitugomea, maana vidole vya mtu anayemenya na kukaanga karanga siku nzima mashine inavisoma kwa shida. Tukaweka mchoro. Akachora herufi ya kwanza ya jina la mjukuu wake, akailaza simu, akaiinua kwenye jua nione kioo kilivyo kisafi. Mafuta ya karanga yalikuwa yameiacha ile herufi pale pale, inang'aa, kona hadi kona.

"Haya, nipe ya namba," akasema, akijifuta mikono kwenye kanga. Namba 4 zina michanganyiko 10,000, 6 zina milioni moja. Akachagua 6, akanigeuzia mgongo akiziandika, kisha akaniuliza kama karanga nilitaka za chumvi au za kawaida.