Bromelia Hunywa kwa Majani

Bromelia nyingi ninazoletewa zikiwa mahututi zimeuawa na wapenzi wa maua wenye bidii kupita kiasi. Mwenyewe huwa ameumwagilia udongo maji kila asubuhi, kama afanyavyo kwa mimea mingine ya ndani, kisha siku moja akavuta kidogo jani la katikati, likachomoka lote likiwa na kitako cha kahawia kinachonuka uozo. Simlaumu, kwa kuwa Aechmea fasciata yangu ya kwanza, ambayo ni aina mojawapo ya bromelia, niliiua vivyo hivyo, tena nikidhani kwamba majani yanasinyaa kwa kiu, kumbe mizizi ilikuwa imeshaoza na mimi nazidi kuongeza maji.

Kosa hilo hutokana na kutoelewa maumbile yake. Bromelia ni wa ukoo wa nanasi, ukoo wenye spishi zaidi ya 3,000, ambazo zote asili yake ni mabara ya Amerika isipokuwa moja tu, Pitcairnia feliciana, inayoota Afrika Magharibi. Nanasi huota ardhini, lakini bromelia nyingi zinazofugwa ndani ya nyumba ni za aina zinazoishi juu ya matawi ya miti mikubwa, bila kuinyonya miti hiyo, na mizizi yake kazi yake kubwa ni kushikilia. Maji huyapata kwa njia nyingine: vitako vya majani hukumbatiana vikafanya kikombe katikati, mvua inakijaza, na vigamba vidogo mno vilivyo juu ya majani hufyonza maji hayo pamoja na madini yaliyomo. Kwenye Aechmea fasciata vigamba hivyo huonekana kwa macho, kwani ndivyo vinavyofanya ile mistari ya rangi ya fedha iliyokatiza majani. Ukiisugua kwa kidole hutoka kama unga na jani likabaki na doa la kijani, kwa hiyo ninawasihi wanaopenda usafi wasiifute wakidhani ni vumbi.

Basi maji yawekwe kikombeni, kina cha sentimita mbili au tatu kinatosha, na kila baada ya wiki moja au mbili mmea uinamishwe, maji ya zamani yamwagwe na mapya yatiwe, ili yasichache wala kuzalisha mbu. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa sababu maji yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe juu ya majani. Chombo cha shaba kisitumike kabisa, maana shaba ni sumu kwa mimea hii, na dawa za ukungu zenye shaba nazo ziepukwe. Udongo uguswe kwanza, na umwagiliwe pale tu tabaka la juu linapokuwa limekauka.

Hata neno udongo lenyewe linapotosha kidogo. Mimi hutumia vipande vya maganda ya miti na makumbi ya nazi, nikachanganya na mkaa uliopondwa, katika chungu kidogo chenye matundu ya kutosha chini. Chungu kikubwa hukaa na unyevu muda mrefu kuliko mizizi inavyoweza kustahimili.

Kuhusu mwanga, majani yenyewe hutoa dokezo. Yaliyo laini na yasiyo na miiba, kama ya bromelia aina ya Guzmania, huridhika na mwanga uliochujwa, ilhali yaliyo magumu yenye miiba pembeni, kama ya aina ya Neoregelia, huhitaji mwanga mwingi zaidi, na yakiukosa wekundu wake hufifia yakarudi kuwa kijani. Mbolea ya kuyeyushwa majini iwe hafifu na isitiwe kikombeni, ambako huunguza majani na kuotesha mwani. Wadudu waitwao vidugamba wakishambulia, nawafuta kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa dawa za mafuta huziba vile vigamba vya kufyonzea maji.

Swali linaloniumiza zaidi huja baada ya maua. Bromelia huchanua mara moja tu maishani. Yale mapambo mekundu au ya waridi yanayodumu miezi kadhaa ni majani yaliyogeuka rangi, na maua halisi ni madogo yanayochungulia katikati yake kwa siku chache. Kisha mmea mama huanza kunyauka taratibu, pengine kwa mwaka mzima au zaidi, na wengi huutupa wakidhani wameshindwa kuutunza, ilhali mmea huo ndio unaolisha maotea yake, yaani machipukizi yaliyo ubavuni.

Maotea hayo yaachwe mpaka yafikie angalau theluthi moja ya kimo cha mama. Hapo ndipo ninapoutoa mmea chunguni, nikafukua hadi nione mahali oteo lilipoungana na shina, na kulikata kwa kisu kikali kilichosafishwa, karibu kabisa na mama ili lipate kitako kizima. Jeraha naliacha likauke kwa siku moja kabla ya kupanda. Oteo lisilo na mizizi huyumba likapinduka kwa uzito wa maji ya kikombe chake, kwa hiyo nalifunga kwenye kijiti kwa uzi laini, nalo hubaki hivyo mpaka nikilitikisa chungu kinatikisika pamoja nalo.