Ute wa Utumbo: Wanaoujenga Ndio Haohao Wanaoula

Nenda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga asubuhi, ngalawa zinapoingia, umtazame kijana anayejaribu kumshika mkunga kwa mikono mitupu. Atamponyoka mara mbili, mara tatu, mpaka apate mchanga au gunia. Mkunga ana nguvu, lakini kinachomwokoa ni ute. Uchafu na vimelea vya baharini vinanata humo na kusombwa na maji kabla havijagusa ngozi.

Utumbo wako nao umepakwa ute wa jinsi hiyo, tangu juu hadi chini. Panya wa maabara waliozaliwa bila uwezo wa kuutengeneza huvimba utumbo mpana wakiwa bado wadogo, na baadaye huota uvimbe wa saratani.

Ute huu hutoka kwenye seli zenye umbo la bilauri zilizotawanyika katika ukuta wa utumbo. Zinatoa protini iitwayo MUC2, iliyobandikwa sukari nyingi kiasi kwamba sukari hizo ndizo sehemu kubwa ya uzito wake. Protini hiyo hutoka imekunjwa. Ikikutana na maji hufumuka na kuvimba, kama mbegu za mrehani unazotia kwenye faluda.

Kwenye utumbo mwembamba ute ni tabaka moja jepesi, maana chakula lazima kipite kifyonzwe. Kwenye utumbo mpana, wanakoishi bakteria wengi zaidi, kuna matabaka mawili. La nje ni legelege, na bakteria wamejaa humo. La ndani limeshonana na kushikamana na ukuta, na kwa mtu mwenye afya karibu hakuna bakteria anayelipenya. Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 2008 tu, na watafiti wa Gothenburg, Uswidi. Kabla ya hapo wengi hawakuliona kwa sababu dawa za kawaida za kuhifadhia vipande vya nyama maabara huusinyaza ute mpaka unapotea. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiangalia mahali penyewe, lakini tumeshakifuta tulichokitafuta.

Sasa, ute huu haujijengi wenyewe. Panya wanaolelewa bila bakteria hata mmoja wana ute, ila ni dhaifu. Chembe zenye ukubwa wa bakteria hupenya hadi ukutani. Wakipewa bakteria wa panya wa kawaida, ute hukaza, tena si kwa siku moja mbili bali baada ya wiki kadhaa. Bakteria huziamsha zile seli za bilauri kwa vipande vya miili yao. Pia huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo ni butireti, ambayo seli za utumbo mpana huitegemea kwa sehemu kubwa ya nishati yao.

Kuna bakteria mmoja wa kushangaza zaidi, Akkermansia muciniphila, aliyeelezwa mwaka 2004 na watafiti wa Wageningen, Uholanzi. Jina lake la pili maana yake ni mpenda ute, na kweli chakula chake ni ute. Ungetarajia awe adui, lakini mara nyingi anapatikana kwa wingi kwa watu wenye afya njema. Mfikirie mgema na mnazi wake. Akikata ncha ya karara kidogo asubuhi na jioni, tembo linaendelea kutoka. Akikata kwa pupa, karara linaisha na tembo linakoma.

Pupa hiyo huja na njaa. Mwaka 2016 yalichapishwa majaribio ya panya waliopandikizwa bakteria wa utumbo wa binadamu. Waliponyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao waligeukia sukari za kwenye ute, tabaka likawa jembamba, na kijidudu cha kuharisha panya kikaufikia ukuta kwa urahisi. Waliokula nyuzinyuzi za kutosha walistahimili. Panya si mtu, najua. Lakini kwa wagonjwa wenye vidonda vya muda mrefu vya utumbo mpana, bakteria wameonekana wamelivuka tabaka la ndani.

Ndiyo maana naliangalia sahani letu kwa wasiwasi kidogo. Sembe imeifukuza dona majumbani, chipsi ziko kila kona ya Ngamiani. Hata chungwa la Muheza tunalifyonza maji na kutupa makapi, na makapi yale ndiyo bakteria waliyokuwa wakiyangojea! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina karibu gramu 11, kwa hiyo anayekunywa chai na mbaazi za nazi ameshafika karibu nusu ya safari kabla ya saa tatu. Kisamvu, matembele, kunde na dona vinamalizia. Kiporo nacho kina faida yake: wanga wa wali uliopoa hugeuka kiasi, sehemu yake ikawa ngumu kusagwa, ikawafikia bakteria. Ila kiporo kilicholala mezani usiku kucha kwenye joto letu hili kinaweza kuwa na sumu za bakteria wengine, na kukipasha moto hakuziondoi zote.

Bi mkubwa mmoja aliniuliza, "Mwanangu, basi si nile bamia na mlenda, ute uongezeke?" Hapana, Bibi, ute wa bamia hauendi kujipaka utumboni. Lakini ule, kwa sababu utelezi wake ni nyuzinyuzi, na hao wageni wako wa tumboni wataupokea.

Kinachonikera ni metronidazoli (Flagyl), dawa ya kuua bakteria, kumezwa kiholela kila tumbo likinguruma. Kwa panya, dawa hii imeonekana kulipunguza tabaka la ndani la ute. Ukiandikiwa na mtaalamu, maliza dozi. Bila hivyo, iache dukani. Na ukiona choo kina ute pamoja na damu, au kuhara kunaambatana na homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mtu asiyezoea mikunde akianza kwa bakuli zima atajaa gesi na kuilaumu makala hii. Anza na vijiko viwili vitatu, uongeze polepole kwa wiki kadhaa. Mbaazi kavu ziloweke usiku, mwaga maji yale asubuhi, uzipike kwa maji mapya.