Wenye bunduki Marekani sio kitu kimoja: tunayoyasikia na yaliyopo

Kila likitokea shambulio la risasi Marekani maneno huku kwetu ni yale yale, Wamarekani wanapenda bunduki kuliko watoto wao, NRA, kile chama kikubwa cha wenye bunduki, imewashika wanasiasa, alafu mjadala unaishia hapo. Mi hili jambo nalifuatilia na linaniuma jinsi linavyorahisishwa, kwa sababu ukiwatia wenye bunduki wote kwenye kapu moja huwezi kuelewa kwanini sheria fulani inapita na nyingine inakwama miaka nenda rudi, na utashindwa kuona kwamba ugomvi mkali kabisa kule mara nyingi ni wa wenye bunduki kwa wenye bunduki. Watu wamepoteza kazi kwenye huo ugomvi, kampuni kubwa imeangushwa na wateja wake wenyewe. Ngoja nizipitie dhana ninazozisikia sana.

Dhana: mwenye bunduki ni mzungu wa shamba, Republican, basi

Utafiti wa taasisi ya Pew wa 2023 ulikuta asilimia 32 ya watu wazima Marekani wanasema wana bunduki. Ni kweli Republican wapo wengi zaidi, asilimia 45 kwa 20 za Democrat, lakini hiyo 20 ni mtu mmoja kati ya watano, hao ni mamilioni ya watu sio wa kupuuza. Watu weusi asilimia 24, Walatino 20, wanawake 25. Kamala Harris, mgombea urais wa Democrat, alisema hadharani kwenye kampeni ya 2024 kwamba ana bastola ya Glock. Gabrielle Giffords, mbunge aliyepigwa risasi ya kichwa Tucson Januari 2011 akanusurika na sasa anaongoza harakati za kudhibiti silaha, naye alikuwa mmiliki wa bunduki.

Kitu kikubwa zaidi kwangu ni sababu ya kuwa nayo. Kwenye utafiti huohuo asilimia 72 ya wamiliki walisema ulinzi ni sababu kuu, uwindaji asilimia 32 tu. Hapo ndo ufa unapoanzia, maana mzee anayetoa raifo kabatini msimu wa kulungu ukifika na dada wa mjini anayetembea na bastola kwenye mkoba hawaombi kitu kimoja kwa serikali. Yule mzee ukimwambia magazini mwisho risasi kumi haimgusi, dada ataona unamuacha uchi mbele ya wezi.

Na rangi ipo. Julai 2016 Philando Castile, kijana mweusi wa Minnesota mwenye kibali halali cha kubeba bastola, alisimamishwa na polisi barabarani, akamwambia polisi kwa utulivu kwamba ana silaha, akapigwa risasi mbele ya mpenzi wake na mtoto mdogo aliyekuwa siti ya nyuma. Yule polisi alishtakiwa na mwaka uliofuata akaachiwa huru. Wamiliki wengi weusi, na wazungu pia wengi tu, walisubiri NRA ipige kelele kama inavyopiga siku zote mwenye kibali akionewa, na ilichotoa ilikuwa taarifa ya juu juu isiyotaja hata jina lake. Kidonda hicho hakijapona. Chama cha wamiliki weusi, National African American Gun Association, kilikuwa kimeshaanzishwa 2015, na ukiona hayo huulizi tena kwanini watu waliona wanahitaji chama chao.

Dhana: NRA ilizaliwa kupinga sheria za bunduki

Hii ndo inayonishangaza kuliko zote kwa sababu historia iko wazi kabisa. NRA ilianzishwa New York 1871 na maofisa waliotoka vita ya wenyewe kwa wenyewe, shida yao ilikuwa askari hawajui kulenga shabaha. Kwa miongo mingi ilikuwa chama cha mashindano ya shabaha na mafunzo. Mwaka 1934 bunge lilipokuwa linatunga sheria ya kwanza kubwa ya taifa, ile iliyoweka kodi ya dola 200 kwenye bunduki za rashasha na viwambo vya sauti, rais wa NRA wa wakati huo Karl Frederick aliwaambia wabunge mwenyewe kwamba haamini watu kubeba bunduki hovyohovyo, anaona ibanwe na iwe kwa leseni. Fikiria kiongozi wa leo aseme hivo, hamalizi siku.

Bunduki iliyomuua Kennedy 1963 iliagizwa kwa posta, na tangazo lake lilitoka kwenye gazeti la NRA lenyewe, American Rifleman. Sheria ya 1968 iliyokataza biashara hiyo ya posta ilipokuja, kiongozi wao Franklin Orth alisema kuna vipengele vinabana lakini kwa ujumla wanamichezo wa Marekani wanaweza kuishi nayo. Na mwaka mmoja kabla, 1967, Black Panther, kundi la wanaharakati weusi, walikuwa wanazunguka Oakland na bunduki zao wakiwafuatilia polisi, kitu ambacho sheria ya California ilikiruhusu, wakaja mpaka jengo la bunge la jimbo Sacramento wakiwa nazo mikononi. Gavana alikuwa Ronald Reagan. Akasaini sheria ya kupiga marufuku kubeba bunduki yenye risasi hadharani, na NRA iliunga mkono. Kwahiyo mtu akikwambia kule haki ya bunduki haijawahi kuangalia nani kaishika, mwambie asome mwaka 1967.

Mabadiliko yalikuja usiku mmoja. Viongozi wa zamani walikuwa na mpango wa kuhamisha makao makuu kutoka Washington kwenda Colorado Springs, wajikite kwenye uwindaji na mazingira, na mwishoni mwa 1976 wakafukuza wafanyakazi kibao wa upande wa siasa. Mei 1977 kwenye mkutano mkuu Cincinnati wanachama wa msimamo mkali wakiongozwa na Harlon Carter na Neal Knox wakaja wamejipanga, wanatumia kanuni za chama zenyewe, hoja baada ya hoja mpaka karibu na alfajiri, na kulipokucha uongozi wote wa zamani ulikuwa nje na Carter ndo bosi. NRA unayoijua wewe ilizaliwa pale, na ilizaliwa kwa wenye bunduki kuwapindua wenye bunduki.

Dhana: hakuna mkali kuliko NRA

Wapo, na wanaidharau. Gun Owners of America ilianzishwa 1975 na inajinadi kwamba haikubali maafikiano hata kidogo, kwao NRA ni wauzaji wa haki. Wanachokumbushia daima ni 1986. Mwaka ule ilipita sheria ambayo NRA iliitaka sana, iliwapunguzia mzigo wauza bunduki na ikapiga marufuku serikali kuu kutengeneza daftari la wamiliki, lakini dakika za mwisho kikachomekwa kipengele kwamba hakuna rashasha mpya itakayosajiliwa kwa raia tena. NRA ikasema isainiwe hivyohivyo. Ndo maana leo rashasha ya zamani iliyosajiliwa kabla ya Mei 1986 inauzwa makumi ya maelfu ya dola, na wapo wazee mpaka leo hawajasamehe.

Alafu Oktoba 2017 ikatokea Las Vegas, mtu mmoja aliua watu 60 kutoka dirisha la hoteli akitumia kifaa kinachofungwa kwenye kitako kinachofanya raifo ya kawaida ifyatue mfululizo karibu kama rashasha. NRA ilisema kifaa hicho kinastahili kanuni zaidi. Serikali ya Trump, ndio Trump huyuhuyu, ikakipiga marufuku, amri ikaanza kazi Machi 2019. Mwenye duka la bunduki wa Austin, Texas, Michael Cargill, akasalimisha vyake viwili kisha akaishtaki serikali, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ikampa ushindi kwa kura 6 kwa 3. Huyo ni raia mmoja na mawakili wake, akipigana na amri ya rais ambaye NRA ilimpigia kampeni.

Hata kesi ya Heller ya 2008, iliyosema kwa mara ya kwanza kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, kile kipengele cha haki ya kuwa na silaha, yanamlinda mtu mmoja mmoja, haikuanzishwa na NRA. Ilianzishwa na mawakili wachache wenye mrengo wa uhuru wa mtu binafsi, na NRA mwanzoni iliwawekea vikwazo kwa sababu iliogopa wakishindwa itakuwa mbaya zaidi.

Kuhusu hali ya NRA ya sasa sirefushi. Mkuu wake wa miaka mingi Wayne LaPierre alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la mahakama New York, kwenye kesi ya madai, likaona alitumia vibaya hela za chama, arudishe zaidi ya dola milioni 4. Suti, ndege za kukodi, safari, zote kwa michango ya wanachama ambao wengine ni wastaafu wa kawaida. Waliopiga kelele wa kwanza wengi walikuwa wanachama wenyewe.

Dhana: mwenye bunduki akiongea, wenzake wanamsikiliza

Jim Zumbo alikuwa mwandishi wa uwindaji mwenye jina kubwa, miongo na miongo. Februari 2007 akaandika kwamba raifo za mtindo wa AR, zile zinazofanana na za kijeshi, hazina nafasi kwenye uwindaji, akaziita za kigaidi. Ndani ya siku chache kampuni ya bunduki ya Remington ikamtupa, gazeti lake likaachana naye, kipindi chake cha televisheni kikasimama. Aliomba radhi haraka sana lakini wapi. Mwaka 2013 Dick Metcalf, mwandishi wa gazeti la Guns & Ammo aliandika tu kwamba kila haki ya kikatiba ina mipaka yake, hakusema watu wanyang'anywe kitu, akaondolewa na mhariri akaomba radhi kwa wasomaji na kuondoka pia.

Na Machi 2000 Smith & Wesson, kampuni ya tangu karne ya 19, ilikubaliana na serikali ya Clinton kuweka kufuli za usalama kwenye bastola zake na kuwabana wauzaji wake. Wateja wakaisusa. Mauzo yakaporomoka, wafanyakazi wakapunguzwa, na wamiliki Waingereza walioinunua 1987 kwa zaidi ya dola milioni 110 wakaiuza 2001 kwa milioni 15 na madeni juu. Kampuni nyingine zote zilielewa somo. Ukijiuliza kwanini huoni kampuni ya bunduki ikijitokeza kukubali hata jambo dogo, sababu kubwa ni hiyo, wanaogopa wateja wao kuliko wanavyoogopa serikali.

Dhana: wenye bunduki wote wanakataa ukaguzi wa mnunuzi

Tafiti moja baada ya nyingine zinaonyesha wengi wao wanakubali kila mnunuzi akaguliwe rekodi yake, hata anayenunua kwa mtu binafsi. Duka lenye leseni lazima likague, sheria ya taifa haimlazimishi mtu binafsi anayeuza yake. Baada ya watoto kuuawa shuleni Newtown Desemba 2012, maseneta wawili waliokuwa na alama ya A kutoka NRA, Joe Manchin wa Democrat na Pat Toomey wa Republican, walileta muswada wa kuziba pengo hilo kwa mauzo ya kwenye maonyesho ya bunduki na mtandaoni. Ndani yake waliandika kabisa kwamba ofisa akitumia rekodi hizo kutengeneza daftari la taifa anaenda jela hadi miaka 15. Aprili 2013 ukapata kura 54 kwa 46, zilitakiwa 60, ukafa.

Wanaopinga wana hoja na sio haki kuwadharau, wanasema serikali ikishajua nani ana nini siku moja itakuja kuchukua. Lakini tatizo lenyewe ni la hesabu za siasa. Mwenye bunduki anayekubali ukaguzi anapiga kura kwa sababu kumi, bei ya mafuta, shule, bima, wakati anayepinga anapiga kura kwa hiyo moja tu, anapiga simu, anachanga, anakuja mkutanoni. Seneta anamsikia huyo.

Dhana: Katiba inaruhusu silaha yoyote kwa yeyote

Hapana. Hukumu hiyohiyo ya Heller, iliyoandikwa na Jaji Scalia ambaye hakuna mtu anaweza kumuita wa kushoto, ilisema haki hiyo ina mipaka, na haifuti marufuku kwa wahalifu waliotiwa hatiani au kubeba shuleni na majengo ya serikali. Juni 2024 kwenye kesi ya Rahimi mahakama ilikubali kwa kura 8 kwa 1 kwamba mtu mwenye amri ya mahakama kwa kumtishia mwenza wake anaweza kuzuiwa silaha. Wenye bunduki waligawanyika hapo pia, wapo waliosema afadhali, wapo waliosema mlango umefunguliwa.

Na hapa ndugu zetu waliopo kule wasikie vizuri, maana nimeshaona vijana wanapiga picha uwanja wa shabaha wanadhani ni mchezo tu. Mwenye green card anaweza kumiliki kisheria kama hana kosa lingine linalomzuia, lakini aliyeingia kwa visa ya muda, mwanafunzi au mtalii, sheria ya taifa inamkataza kuwa na bunduki au hata risasi isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Ni kosa la jinai la taifa, miaka ya jela, na ukitoka unarudishwa. Usimuamini rafiki anayekwambia "huku bunduki ni kama simu".

Kama unataka kujua mgawanyiko umefika wapi angalia ile kodi ya 1934. Dola 200, haijaguswa miaka yote hiyo. Julai 2025 Trump akasaini sheria inayoifanya iwe sifuri kwa viwambo vya sauti na raifo fupi kuanzia Januari 1, 2026, ila usajili ukabaki palepale. Wengine wakashangilia ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yao. Gun Owners of America na wenzao wakakimbilia mahakamani, hoja yao ni kwamba kama kodi imekufa basi usajili uliosimama juu ya hiyo kodi hauna tena miguu.